Saladi Nilizomtengenezea Mama

Yaya,

Kwa heshima zote, dada yangu mkubwa Anjelike, mimi mdogo wako Dieudonné, mwalimu wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, mwenye miaka hamsini na miwili na upara unaozidi kusonga mbele, ninakutangazia rasmi habari ifuatayo. Jana Jumapili, baada ya misa ya pili, katika nyumba yetu hapa Mudzi-Pela, mama yetu mzazi alikula saladi ya avoka (yaani parachichi) niliyoitengeneza mwenyewe, akaimaliza, sahani ikabaki safi. Papa, baba yetu, apewe habari hii huko mliko, pamoja na wote waliosema sitaweza.

Nakuona unavyocheka, mkono mdomoni. Cheka, ni haki yako. Yule uliyekuwa ukimfukuza jikoni ndiye sasa anayeamka kuwasha makaa. Ulikuwa ukiniona tu mlangoni unasema, "Weye Dido, unatafuta nini? Mwanaume hafunuake sufuria." Nami narudi mezani kungoja kama waziri. Ni miezi minne tangu tukuzike, Yaya. Nafunua sufuria zote, na ndani hamna kitu mpaka nitie mwenyewe.

Mchana nikitoka shuleni najilaza kidogo kwenye benchi, mvua nyepesi ikipita juu ya mabati, na hapo nakusikia. Unatwanga sombe, majani ya muhogo. Halafu unakuja na kile kiti chako kifupi, unakata shu, kabichi nzima, juu ya kiganja, bila ubao, macho yako yako barabarani wala si kwenye kisu, na nyuzi nyeupe zinaanguka ndani ya beseni kama zinajua njia. Kila mara nataka kukuuliza unafanyaje usijikate. Nikifungua mdomo naamka. Kinu ni cha jirani, moshi wa mtaa mzima umelala chini kwa unyevu, na kwa kitambo sijui kama mimi ni huyu mwalimu au ni yule mtoto uliyembeba mgongoni siku tulipohama Mahagi.

Sasa nikuambie ya Mama.

Matanga yalipokwisha na watu wakarudi makwao, tulibaki wawili: yeye, na mimi niliyeachwa na mke. Akaacha kula. Hakugoma wala hakununa. Angegoma ningejua la kufanya, nina watoto arobaini darasani. Yeye aliweka mikono juu ya magoti akasema kwa upole, "Asante, nimeshiba." Alikuwa amekula vijiko viwili. Usiku uji kidogo, basi. Kikwembe anachojifunga kiunoni sasa kinamzunguka mara mbili. Muuguzi jirani yetu alikuja kumpima, akaniita pembeni, akasema haoni ugonjwa, lakini kwa namna hii hadhani kama Mama ataiona Noeli.

Nikasema, shida ni mkono wangu. Mama amezoea mkono wako, mimi nampa chakula cha mwalimu. Nikaanza na saladi, maana niliwaza kwamba kitu kisichopanda motoni hakiwezi kuungua. Saladi ya nyanya: sikujua kwamba vitunguu vinasuguliwa kwa chumvi na kuoshwa kwanza. Mama alitokwa na machozi, nikafurahi nikidhani ameguswa. Saladi ya shu: niliiosha kwa sabuni, kwa ajili ya usafi, na hata baada ya kuisuuza mara nne ilikuwa inatoa povu ukiitafuna. Ya avoka niliiponda asubuhi, tukaenda misa, tukarudi tukaikuta nyeusi kama lami. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu, ndimu inaingia palepale, haingoje misa."

Nilijifunza, Yaya. Nilijifunza mboga ya lengalenga na karanga, ndizi za makemba, maharagi kwa mawese, samaki wa Kasenyi kwa nyanya nyingi. Na kila kitu nilikipeleka salo, sebuleni mezani, kwenye ile sahani ya maua uliyomwekea padri peke yake. Nilitandika kitambaa. Nilimkalisha Mama kwenye kiti chenye mikono, nikaweka uma kushoto, nikasimama pembeni mikono nyuma. Nilitaka aone kwamba anaheshimiwa.

"Asante, nimeshiba."

Basi, kwako sijawahi kushika uongo zaidi ya dakika kumi. Jana haikuwa kama nilivyotangaza.

Saladi ilikuwa nzuri, hilo ni kweli. Avoka laini, ndimu palepale, kitunguu kimeoshwa mara tatu, yai juu. Mama aliielekezea uso, akashukuru, akashiba. Nikamwacha pale mezani nikatoka. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na hasira naye, Yaya, nakiri, hasira ya kutaka kupiga kitu teke. Jikoni maharagi yalikuwa yameshika chini. Nikachuchumaa kwenye mkeka, sufuria katikati ya miguu, nikaanza kukwangua ukoko kwa vidole. Mwanaume mzima.

Nikasikia fimbo yake ukutani. Ilimchukua muda kuvuka uwanja, na sikuinuka kumsaidia, kwa aibu. Alisimama mlangoni. Unajua macho yake yanaona vivuli tu. Akanusa.

"Dido. Unakulaka kwa kujificha sawa panya?"

"Maharagi imeungua, Mama. Haiko chakula ya kukupa."

"Sogea."

Akashuka polepole mpaka mkekani, upande ule wa karibu na mlango, mahali pake. Na hapo ndipo akili ilipofunguka. Miaka yote hiyo mlikuwa mnanipelekea sahani yangu mezani, halafu ninyi wawili mnabaki hapa, sufuria moja, mikono miwili, maneno yenu na vicheko vyenu ambavyo mimi nilivisikia kupitia ukuta. Mama hajawahi kula mezani. Hajawahi kula peke yake, mtu amesimama anamtazama. Nilimkaribisha kama mgeni katika nyumba yake, naye akanijibu kama mgeni.

Akaingiza mkono, akatafuna. "Chumvi ulipeleka wapi?"

Mkono wake ukakuta wangu ndani ya sufuria. Akaushika, akaupapasa kidole kwa kidole.

"Hii haiko mukono ya Anjelike."

"Hapana, Mama."

Tukalia kidogo, bila sauti, mikono yetu ikiwa bado mle ndani. Kisha akakwangua ukoko mkubwa, akausukuma upande wangu, akachukua mwingine wake. Tulikula mpaka chuma kikaonekana. Saladi niliikumbuka jioni. Kuku walikuwa wamepanda mezani.

Pumzika, Yaya. Usiinuke kwa ajili yetu. Nakuahidi kwamba kila siku Mungu atakayotupa, nitakaa naye chini na kula naye, hata siku ambayo sina njaa. Leo nimepandisha maharagi mengine motoni, na safari hii nayalinda. Mama ameshakaa mkekani, ananiuliza kama hayawezi kuungua kidogo.