Maziwa ya Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimenifikia hapa Zinga. Sote hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama. Unasema mumeo anataka kuoa tena, ukaniuliza kama mke anaweza kumpenda mke mwenzake.

Mimi niliolewa Bagamoyo kabla ya Wadachi kufika, nikiwa mke wa pili wa babu yako. Mke mkubwa, Bi Mwanaidi, ambaye wewe hukumdiriki, alikuwa akinyonyesha. Aliitikia salamu zangu, basi.

Nilipomzaa baba yako, homa ilinishika nikawa kama ninaelea. Mvua ilinyesha taratibu juu ya makuti, na kilio cha mtoto nilikisikia kwa mbali, kama kinatoka ng'ambo ya mto. Kisha kikanyamaza. Nikajua amekufa.

Nikageuza uso. Bi Mwanaidi alikuwa ameketi mlangoni, mwanawe kwenye titi moja, wangu kwenye la pili, na mwanga wa asubuhi umewafunika wote watatu.

"Mungu akulipe," nikamwambia.

"Wewe sijakupenda," akajibu kwa upole. "Lakini huyu ana njaa."

Akaanza kuwaimbia, nami nikalala.

Sikuamrishi kitu, Zuhura. Mungu akutulize moyo. Ila Bi Mwanaidi alipofariki, watu walikuja kumpa baba yako pole ya kufiwa na mama. Nami nilikuwa nimeketi pale pale kando yake, wala sikumsahihisha mtu.

Bibi yako