Siku Tuliyoifuta Pikapu ya Baba

Ijumaa, wiki ya kwanza ya likizo ya Juni. Asubuhi manyunyu, milima ya Usambara imejifunika wingu mpaka miguuni. Mchana jua la kivivu.

Nimerudi Handeni jioni hii nikiwa na tope kwenye viatu na moyo mwepesi. Madaftari ya wanafunzi yamelala mezani, hayajasahihishwa. Yatasubiri.

Leo pikapu ya Baba imefutwa rasmi. Kwa serikali, si gari tena.

Baba alikuwa dereva wa shamba la mkonge tangu ujana wake. Alipostaafu akanunua hiyo pikapu, akawa anabeba mahindi na machungwa kutoka Mnyuzi kuleta Korogwe mjini. Akiombwa, alibeba na wagonjwa. Pale Kilole, nyumbani kwetu, kuna vijana wenye ndevu ambao nusura wazaliwe ndani ya gari lile.

Sasa ni mwaka wa tatu imesimama nyuma ya nyumba. Kuku wanataga kwenye bodi. Chini kutu imekula mpaka unaona majani.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwahi kuliandika hata humu.

Ni mimi niliyeisimamisha.

Macho ya Baba yalianza kuondoka taratibu. Presha ya macho, daktari alisema, na akamkataza kuendesha. Baba akamwitikia kwa adabu, kesho yake akaenda Mnyuzi. Wiki ile ile akagonga nguzo ya lango la jirani, akasema nguzo ilijengwa vibaya. Mimi mwalimu, nawakemea watoto wa watu kutwa nzima, nikashindwa kumwambia baba yangu mzazi maneno matatu: usiendeshe tena, Baba.

Nikaenda kwa Salehe, fundi wake wa miaka yote. Tukapanga. Baba alipokuwa msikitini, Salehe akailegeza paipu ya dizeli. Jioni gari likagoma kuwaka. Salehe akaitwa, akainama, akatikisa kichwa, akasema pampu imekufa. Akaifungua na kuondoka nayo. Tangu hapo kila Baba akiuliza, jibu lilikuwa spea bado haijapatikana Dar.

Miaka mitatu nimemdanganya kwa sauti ya upole kabisa. Wakati mwingine alipouliza nilijifanya sisikii simu vizuri.

Wiki mbili zilizopita alikuja mtu na pikapu ya aina ile ile, isiyo na karatasi. Akataka kununua kadi na pleti namba tu, gari lenyewe hakulihitaji. Baba akamwambia anywe chai yake aende. Jumapili akanipigia simu akasema nije tulifute hilo gari serikalini.

"Sitaki jina langu litembee barabarani bila mimi," alisema.

Basi asubuhi hii akaja askari wa usalama barabarani kulikagua, maana bila karatasi yake ofisi ya mapato hawapokei. Kijana mwenye heshima, alimwamkia Baba kabla ya kufungua jalada. Akasoma namba ya chesesi kwa shida, kutu imeila. Kisha akauliza, gari hili liliharibika nini mpaka likasimama?

Nikadakia. Nikasema pampu. Nilisema haraka mno, hata mimi nilijisikia.

Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya gari anafungua pleti namba mwenyewe, kwa kupapasa. Hakugeuka.

"Gari lilikuwa zima," alisema. "Macho ndiyo yalikufa. Huyu binti yangu aliona haya kuniambia."

Nikamtazama Mama, aliyekuwa kibarazani akipepeta mchele. Hakuinua hata uso. Kumbe naye alijua.

Askari akaandika alichoandika, akaaga. Alipotoka tu nikaketi kwenye tofali karibu na Baba nikamwomba msamaha. Nilianza kueleza mambo ya Salehe, akanikatiza. Alijua tangu jioni ile ya kwanza. Kabla Salehe hajafika alikuwa ameshaingiza mkono chini ya boneti, akakuta paipu imelegezwa. Miaka arobaini kwenye magari, alisema, hajaona paipu inayojifungua yenyewe.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

Alikuwa anaifuta ile pleti kwa pindo la shati.

"Siku mbili kabla nilikuwa natoka Kwamndolwa," alisema. "Kulikuwa na mama kabeba kuni. Sikumwona. Nilisikia kuni zinaanguka ndipo nikafunga breki. Nilishuka, nikamwokotea kuni zake moja moja, hakuumia. Sikumwambia mtu. Kisha nikakuta paipu, nikasema alhamdulillahi, kuna mtu kanisaidia."

Tulikaa pale. Sikulia, ingawa ningependa kuandika kwamba nililia. Nilicheka. Naye akacheka, mabega yakitikisika, mpaka Mama akauliza mnacheka nini.

Miaka mitatu mimi namficha, yeye ananificha kwamba anajua ninamficha.

Ofisini hapakuwa na foleni. Dada wa dirishani akapokea kadi, pleti zote mbili na karatasi ya askari, akauliza sababu ya kufuta. Baba akamwambia aandike dereva amestaafu. Dada akasema kwa upole kuwa fomu haina nafasi hiyo, mzee wangu, hapa kuna kuuzwa nje, ajali au uchakavu. Baba akafikiri, akasema basi uchakavu, lakini ajue ni wa wote wawili. Dada akagonga muhuri huku akijizuia kucheka.

Alitaka tumalize kabla ya sala ya Ijumaa, na tulimaliza. Msikiti uko ng'ambo ya barabara kuu, ile ya Arusha, yenye malori yasiyoisha. Siku zote Baba hukataa kushikwa. Hutanguliza fimbo, mikono ya watu wengine huitoa kama nzi.

Leo alisimama ukingoni, akahamisha fimbo mkono wa pili, akaniwekea kiganja chake begani.

"Nitazamie," alisema. "Ukiona kweupe, tuvuke."

Malori mawili yakapita, kisha basi. Nikaona kweupe. Tukavuka taratibu, hatua zake kubwa, zangu fupi.

Sasa nimekaa na chai yangu na swali moja linalonifanya nitabasamu peke yangu: ni mangapi mengine wale wazee wawili wa Kilole wanayajua juu yangu, na wameamua tu kunyamaza?