Mkwe Wangu Ananisifu Hata Nikikosea

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie na usinizungushe, mimi ni mtu mzima. Naitwa Bonareri, niko Marani, shule niliiacha mapema lakini watoto wangu wote wamesoma kwa majani chai niliyochuma kwa mikono hii. Mwaka huu nimeingia masomo ya ngumbaru kwa sababu mjukuu wangu Linet amezaliwa Nairobi, Ekegusii hajui, Kiswahili chake ni cha kubahatisha, na akija Desemba nataka tuongee, si kuangaliana kama ng'ombe na gari. Sasa mwalimu ni Onyiego, aliyemwoa binti yangu Persis, na wewe unajua chinsoni yetu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawaaibishani. Tunafunzwa majina ya Kiingereza, kitu kikiwa kimoja, vikiwa vingi, na kikiwa na mwenyewe. Jirani yangu Nyangate akisema "childs" anakemewa, "Hapana! Children!" Mimi nikisema "childs" Onyiego anaangalia dirisha, "Vizuri sana, mama." Nikasema "foots", vizuri. Nikasema "Persis house", vizuri. Nyangate akapiga kelele, "Mwalimu, kwani Kiingereza cha mama mkwe ni kingine?" Nikajua ni wivu tu, nikajigamba soko zima. Halafu nikampigia Linet simu, nikamwuliza kama "foots" zake zinapata baridi huko, akacheka mpaka akakohoa. "Shosho, nani amekufunza hiyo English?" Nikakata simu. Anapiga, sichukui. Darasani siendi. Je, niende kwa huyo Onyiego nimwambie alivyonifanya mjinga?

Bonareri, Marani

Mama Bonareri,

Pole, na sasa nyamaza kidogo usikie. Hukutaka mkwe mwenye adabu? Umempata, unalia nini? Angekukemea mbele ya wanawake wa Marani, barua hii ingejaa matusi. Lakini naye amekosa. Mwalimu anayesifu kosa anakunyima kile ulichokwenda kutafuta.

Kwake usiende. Mwambie Persis amwambie mumewe kwamba umekubali kusahihishwa, ila kwa heshima. Kisha rudi darasani, keti na Nyangate. Jibu lako mnong'onezee yeye, alitoe kwa sauti, akemewe yeye. Ameshazoea, hatakufa. Wewe sikiliza na uandike. Soko nalo liache, bei ya ndizi ikishuka watapata jambo lingine la kuongea.

Kilichoniudhi ni simu. Linet ni mjukuu, si mkwe. Kati ya nyanya na mjukuu sisi hatuna chinsoni, ni utani mtupu, hata wewe humcheka bila kuomba ruhusa. Katika watu wote hao ni yeye na Nyangate tu waliosema ukweli, mmoja ukamwita mwenye wivu, mwingine ukamkatia simu, na Kiingereza chenyewe unakisoma kwa ajili yake! Mpigie leo. Sema vibaya, acheke, akurekebishe, useme tena. Hapo mtakuwa mnaongea tayari.