Mkono wa Kushoto wa Koti

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na mbili tangu Bibi aanguke. Nimefungua duka peke yangu na kwenye kibao nimeandika FUNDI MKUU. Nani wa kunikataza? Bibi yuko kitandani nyuma ya pazia, upande mmoja umelala, maneno yanamtoka kwa kubanwa kama dawa ya meno inayokwisha. Angekuwa mzima angefuta aandike Fundi Nusu — nusu ya shule, nusu ya ufundi, ulimi tu ndio mzima.
Nimekata suruali mbili. Safi! Hakuna aliyeona. Nikaisimulia cherehani.
Mama kapiga simu. Dakika mbili, kama kawaida, nyuma yake masufuria ya bweni anakopika yanagongana. Anakuja Jumamosi kuchukua picha ya Babu na lile koti lake la sandukuni. Huko anakofanya kazi wamefungua ukumbi wa mashujaa wa vita. Nitie vifungo, nipige pasi. Nikamwuliza, na mimi je, hunichukui ukaniweke ukumbini? Akacheka. Simu ikakatika. Au alikata.

Jumanne, 4 Machi
Mzee wa saa, yule wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, kaleta shati apunguziwe mikono. Yeye na Bibi wana vituko! Miaka yote analeta shati, Bibi hampimi, hamsemeshi. Huniambia mimi, "Mwambie Ijumaa," na mzee amesimama papo hapo na masikio yake mawili. Naye: "Mwambie bibi yako ahsante." Mimi posta ya bure.
Leo nikatoa tepu. Akasita, eti vipimo vyake bibi yako anavyo kichwani. Nikamwambia kichwa kiko likizo, mzee, nyoosha mkono. Kulia inchi ishirini na tatu na nusu. Kushoto ishirini na mbili! Nikapima mara tatu. Fundi Mkuu hakosei mara tatu.
Sasa, mimi najijua. Mkono wangu wa kushoto ni mfupi kwa inchi moja na nusu ileile. Shuleni waliniita Mizani Mbovu. Niliwapiga wawili, wa tatu akanipiga. Nimemfuata Mama — yeye nguo za dukani huzikunja mkono wa kushoto, anasema ni mazoea ya jikoni.
Nikamtania mzee: "Tumefanana! Usije ukawa babu yangu." Hakucheka. Kaondoka bila kuuliza shati litakuwa tayari lini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua sanduku.
Koti halijawahi kuvaliwa! Bado lina bandi, zile nyuzi ndefu nyeupe za kushikizia kabla ya kushona kabisa. Halina hata tundu la kifungo. Shujaa gani huyo wa kwenda vitani na bandi? Tena ni blanketi la jeshi lililotiwa rangi nyeusi, likakatwa kiraia. Koti la mtu anayetaka kupita njiani asitambulikane.
Nikalivaa. Mabega, sawa. Mkono wa kushoto umeishia palepale kwenye kifundo. Sijawahi kuvaa nguo ikanikaa hivyo.
Babu ananitazama kutoka ukutani — mrefu, mikono miwili sawa, inafika mapajani. Nyuma ya picha Bibi aliandika tarehe ya siku aliyoondoka Babu kwenda vitani. Hakurudi. Mama kazaliwa miezi kumi na minne baadaye. Hesabu nilianguka kila mwaka, lakini kwa muda huo hata punda angekuwa ameshazaa!
Nikaenda kwa Bibi nikiwa nimelivaa. Nilikosea. Aliponiona aliniita jina ambalo si langu wala la Babu. Akasema, "Umerudi." Halafu akanitambua, akalia kwa jicho moja.
Kanieleza kipande kipande, mchana mzima. Mwenye jina lile alikuwa askari wa upande wa pili. Ana jeraha. Habari za kifo cha Babu zilikuwa zimeshafika. Bibi akamficha stoo ya vitambaa wiki tisa, akaanza kumshonea koti. Asubuhi moja wanajeshi wakaingia mtaani, naye akatokea mlango wa uani bila koti, asije akamponza Bibi. Aliporudi baada ya amani, Mama anatembea, na mtaa mzima unamwita mtoto wa shujaa. Basi akafungua kibanda cha saa ng'ambo.
"Mama anajua?"
"Wewe tu, mume wangu."
Siri yote hii, na mimi mdomo wangu huu! Sina wa kumwambia. Cherehani nayo leo sikuiambia.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee hakuja. Namwona kainamia saa ya mtu. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwake ni hatua kumi na nne, nimezihesabu kwa macho. Sikuvuka. Kumbe woga huu nao ni wa ukoo.
Vifungo sijatia.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika haraka, nimeinama nyuma ya meza ya kukatia.
Mama kafika asubuhi. Koti mkononi, picha ukutani, macho huku na huku. "Umelikata! Mkono huu umeufanya nini? Koti la baba yangu!" Nikasema sijaligusa. Hataki. Nifumue, nirefushe, kitambaa kipo kwenye pindo. Akanitia mkasi mkononi.
Nyuma ya pazia: "Hapana." Mama akamwambia pumzika, mama, mjukuu wako ameharibu, atatengeneza.
Mimi nikauficha mkasi mgongoni. Mimi!
"Basi tazama ulivyoliharibu," akalivaa mwenyewe, akanyoosha mikono mbele yangu.
Imelingana. Yote miwili imeishia kwenye vifundo, sawasawa. Mkono wake wa kulia ukaja kuukunja wa kushoto, kwa mazoea. Hapakuwa na cha kukunja.
Akaitazama picha. Akasema polepole, "Lete tepu."
Nimesema naitafuta. Iko shingoni kwangu.
Hodi mlangoni. Ni mzee wa saa — leo kavuka, kafuata shati lake. Bibi analiita lile jina. Na Mama, hajalivua koti, ndiye anayekwenda kufungua.