Tuta la Sabaki

Shela, Malindi
6 Septemba 1985

Mpendwa kaka Uthman,

Shikamoo, kaka. U hali gani huko Maskati, na joto limepungua? Wifi Harusi jino lake limepoa? Sisi huku miili ni mizima, twamshukuru Mola. Mama anakula vizuri na haipiti siku bila kukutaja.

Ila moyo wangu hauna raha, ndiyo maana nakuandikia. Ni habari za shemeji yako Jaafar na kazi yake ya kuendesha magari ya mashindano.

Unajua yalivyokuwa. Gari moja huondoka, jingine hufuata baadaye, mpaka Ganze na kurudi, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Watazamaji huona vumbi tu, wakaenda zao. Mwaka huu mwandalizi mpya, Bwana Ndirangu, ameifupisha njia iwe mizunguko miwili, na karibu na Mto Sabaki amejenga tuta la udongo, kimo cha mtu, magari yaruke mbele ya umati.

Jaafar alimkabili nami nipo. "Haya si mashindano, ni sarakasi," akamwambia. "Dereva hupimwa kwa njia na saa."

Ndirangu akajibu kwa upole, "Watu hawaji kutazama saa, Bwana Jaafar. Na wasipokuja, hutakuwa na gari la kuendesha."

Simlaumu Ndirangu kwa hilo. Mwaka jana mwenye gari analoendesha Jaafar alikuwa karibu kuliuza.

Alhamisi ya majaribio nilikwenda na mwanangu Nana. Gari la kwanza liliporuka, kaka, nilipiga vigelegele, sikufichi. La pili alikuwamo Thoya, rafiki yake Jaafar. Lilitua kwa pua, likabiringika, gurudumu likachomoka na kupita hatua tatu mbele yetu. Nilimkumbatia Nana. Thoya amevunjika miguu yote miwili.

Na bado Jumapili mashindano yakafanywa. Mzunguko wa kwanza Jaafar alifika tutani akakanyaga breki, akapanda polepole kama aliyebeba mayai. Watu wakamzomea, "Mwoga! Mwoga!" Mimi nikasema alhamdulillahi.

Mzunguko wa pili akaruka. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, gari lilikuwa limetua salama na watu wanaliimba jina lake. Kwa saa alikuwa wa nne, lakini ndiye aliyebebwa mabegani. Mshindi alisimama peke yake kando ya gari lake.

Nyumbani nikamwuliza, "Na ile sarakasi uliyoikataa?"

Akacheka. "Sheikha, wewe hujasikia umati mzima ukikuita."

Tangu hapo, gari likipita mbio barabarani namwita Nana aingie ndani. Mashindano mengine ni tarehe sita Oktoba. Jana nilipita Sabaki nikamkuta Jaafar kashika jembe pamoja na vibarua, wanaliongeza tuta kimo. Hakuniona. Nilirudi bila kumwita, maana niliogopa atakavyonijibu.

Mimi hanisikii tena. Wewe ndiwe uliyemfunza usukani, na neno lako kwake lina uzito. Mwandikie, kaka, upesi, wala usimwambie kuwa nimekuomba.

Msalimie sana wifi Harusi na umbusu mwanao Mahadhi. Mama, shangazi Zuleikha na Nana wote wanakusalimu. Mola akukinge na shari za ugenini, nasi atukinge na za hapa nyumbani.

Nduguyo akupendaye na anayesubiri barua yako,
Sheikha