Aliyekubali Kazi Ndiye Ashike Ngazi

Mpendwa dada Yuditha,

"Kufuta vioo si biashara. Ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Ndoo na kitambaa, basi. Soko huria likishachuja, watu wa namna hiyo watarudi shambani walikotoka."

Maneno hayo aliyasema bwana mmoja mwenye tai, Jumanne iliyopita, katika mkutano wa wafanyabiashara wa hapa mjini, na watu wakacheka. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Unanijua, nilisimama kicheko hakijaisha. Nilimuuliza kama amewahi kufuta kioo kimoja cha Dodoma mwezi wa nane, upepo ukivuma kutoka upande wa Kongwa na vumbi lake, kwa maji ya kisima. Akasema swali langu halimo kwenye ajenda. Nikamjibu kwamba ndiyo maana anadhani ni ndoo na kitambaa.

Nilikaa nikijiona mshindi. Siku mbili baadaye nikafanya jambo ambalo ungelikuwapo ungenikaripia mbele za watu. Nalileta kwako kupitia gazeti, dada, maana wapo wengine wanaopaswa kulisikia.

Nianze na ile ndoo. Shirika la umma ulilofagia ofisi zake miaka kumi na mitano lilipouzwa, majina yalibandikwa ubaoni na lako lilikuwamo. Ulirudi nyumbani na birika lako la chai na kiti kimoja walichokuruhusu uchukue. Mimi, mwalimu na mwandishi wa makala, niliketi palepale kumwandikia waziri. Ukanitazama ukasema, "Wewe andika, mdogo wangu. Mimi naenda kutafuta dirisha."

Nilidhani uchungu umekuvuruga. Kumbe ulikuwa umeona jambo ambalo mimi na vitabu vyangu hatukuliona. Zamani duka lilikuwa mlango wa mbao na rafu tupu, nani ahangaike na kioo? Biashara zilipofunguliwa, kila mwenye redio mbili na katoni ya sabuni pale soko la Majengo alitaka mpita njia azione. Vioo vikaja mjini kabla ya watu wa kuvifuta. Ukaanza na ndoo yako, nami nikitoka shuleni nikawa nakusaidia.

Unakumbuka lile duka la dawa? Tulilifuta saa sita mchana, jua kali, kwa maji ya kisima. Yalipokauka, chumvi ikabaki kioo kizima, nyeupe. Mwenye duka akatoka nje, akasimama, akashika kiuno. "Kina mama," akasema, "nimewaita mfute kioo, mmenipigia chokaa." Mimi nilianza kututetea sisi wafutaji. Wewe ulimwomba radhi, na kesho yake alfajiri ukarudi na maji ya mvua tuliyokuwa tumeyaweka kwa ajili ya shuka nyeupe. Jua lilipochomoza, kile kioo hakikuonekana. Mteja wa kwanza alikigonga kwa paji la uso.

Tangu siku ile hatukugusa kioo kwa maji mengine. Masika yote tulikinga, mapipa manane nyuma ya nyumba, yamefunikwa mabati na mawe juu yake. Jirani yetu alikuwa akipita akisema, "Hawa wanauza mvua." Ulimjibu, "Ndiyo, na wewe hukukinga." Fundi viatu mmoja wa mtaani akatukatia mpira wa tairi la ndani, akaupigilia kwenye ubao, ndio ukawa wa kukamulia maji. Kumalizia ni gazeti. Magazeti ya watu binafsi yalipoanza kumiminika, mimi nilifurahia uhuru wa maoni na wewe ulifurahia karatasi. Siku moja uliniletea ukurasa wenye makala yangu, umelowa na kukunjamana. "Imeng'arisha madirisha ya kanisa," ulisema. "Hii ya leo umeandika vizuri."

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa.

Nyumba ya yule daktari, ile ya ghorofa moja, mimi ndiye niliyekubali kazi. Upepo ulikuwa umeanza, na wewe ulisema tungoje kesho. Nikakwambia mteja akingojeshwa hupata mwingine. Ukapanda. Mimi nikawa chini nimeshika ngazi, mpaka daktari alipotoka na chai na kuanza kusifia ubinafsishaji. Dada, niliiacha ngazi. Nilipanda barazani, nikamwonyesha kwa vidole vyangu makosa yake matatu, na nilikuwa kwenye la pili niliposikia mbao zikikwaruza ukuta. Nilipokimbilia huko ngazi ilikuwa chini, na wewe ulikuwa unaning'inia kwenye nondo za dirisha, kanga imekudondoka. Niliinua ngazi, ikakosea ukuta mara mbili.

Ulishuka, ukafunga kanga, ukanywa chai yangu iliyokuwa imepoa. Halafu ukasema, "Kuanzia leo, aliyekubali kazi ndiye anayeshika ngazi. Haendi kunywa chai, haendi kuongea. Kama hawezi kushika, asikubali." Hiyo ndiyo sheria pekee uliyoniachia, na tuliishika mpaka homa ilipokuchukua.

Alhamisi alinijia afisa utawala wa jengo moja la ghorofa tatu lililopata mwenyewe mpya. Kijana mstaarabu. "Shikamoo, mama," akasema, kisha akaniambia wageni wakubwa wanakuja na vioo vyote viwe safi ifikapo Jumatatu. Nikamwambia ghorofa ya tatu inahitaji jukwaa la mbao kama la wajenzi, na kamba ya kiunoni.

"Jukwaa la nini tena, mama? Si mna ngazi?"

"Hazifiki."

"Ziungeni mbili. Mama, sikulazimishi. Yupo kijana kutoka Dar ana vifaa vyote, ananipigia simu kila siku. Mimi nilitaka kuwainua wa hapahapa."

Nikakumbuka kicheko cha Jumanne. Nikawakumbuka wanawake saba ninaofanya nao kazi sasa, wanaokula kwa mapipa yale. Nikasema, "Tutaweza."

Mimi, Yuditha. Ninayewaandikia mawaziri nisitetemeke.

Mwanaidi wa Kondoa, yule uliyemfundisha mwenyewe, ndiye pekee anayeweza kupanda kule juu. Nilipomweleza hakubisha. Alikuwa anakunja vitambaa. "Umeshakubali, mwalimu?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi utashika wewe," akasema, akaendelea kukunja. Baadaye akaongeza, "Ila usije ukamwona mtu wa kubishana naye." Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza.

Jana tuliziunga ngazi mbili kwa kamba za katani, tukaziegemeza ukutani kuzijaribu, hakuna mtu juu. Nilishika kwa mikono miwili. Upepo ukaja kidogo tu, na pale kwenye kiungo mbao zikalia na kupinda, nami nikahisi uzito wa ngazi tupu ukinivuta upande. Nikamtazama Mwanaidi. Alikuwa anatazama juu, anahesabu madirisha kwa midomo. Ana watoto wawili, na angepanda.

Nimekuwa nikijiambia kwamba soko ndilo lililotufikisha hapa. Nimeshaandika makala kumi za namna hiyo, na nyingi ni za kweli. Lakini soko halina mdomo wa kusema "tutaweza". Ni mimi niliyesema. Na yule kijana alisema "ziungeni mbili", na juu yake yupo aliyempa Jumatatu bila kumpa jukwaa. Tuko watu watatu tulioikubali kazi hii, na hakuna hata mmoja atakayepanda.

Kwa hiyo leo asubuhi nimezifungua zile kamba. Nimemwambia Mwanaidi hapandi, na kesho nitaenda kulitengua neno langu mbele ya afisa. Huenda tukapoteza jengo lile, na mengine yakafuata. Nitunzie nafasi huko uliko, dada, usiniandalie chai; chai ndiyo iliyonitoa kwenye ngazi.

Na ninyi maafisa utawala wa mji huu, na ninyi wenye majengo mapya mnaotuita kwa shikamoo na kutupa siku tatu: wekeni jukwaa na kamba kwenye mkataba kabla hamjataja siku ya wageni. Kama hamtaki, basi asubuhi ya kazi vueni tai, shukeni chini, mshike ngazi kwa mikono yenu mpaka wa juu akanyage ardhi. Nitakuwa nimesimama kando yenu, nami nitashika upande mmoja.

Mdogo wako,
aliyeiacha ngazi mara moja.