Kiprogramu Chako Kimeniponza

Nyumba ya Bluu, Ghorofa ya Pili,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Binamu Mtaalamu,

Salamu tele. Hujambo? Na mgongo je, bado unakusumbua kwa kukaa kwenye kompyuta kutwa? Sisi huku wazima, ila mimi nimeponea chupuchupu, na chanzo ni wewe.

Si ulitaka orodha ya majina ya picha nilizoskani, uchague za kitabu cha Baba cha kutimiza miaka sabini? Nilianza kuyaandika moja moja. Nilipofika la arobaini macho yakaanza kuona mbilimbili, ndipo nikapakua kile kiprogramu cha bure ulichonielekeza. Nikachagua picha zote, nikabofya "nakili majina", nikabandika kwenye kundi la familia. Majina mia tatu na kumi na mawili, kila moja na namba yake, kufumba na kufumbua! Nikajipongeza kwa chai.

Kumbe haraka haraka haina baraka. Majina yale nilijiwekea mwenyewe, nisichanganye picha. Sasa ukoo mzima ukasoma: "Mjomba amesinzia harusi ya pili." "Mama anajifanya hajakasirika." "Shangazi na kofia ile jamani."

Shangazi ndiye mama yako, na unajua hajasemezana na Baba miaka tisa, tangu wagombee cherehani ya marehemu Bibi. Nimembembeleza miezi mitatu aje kwenye sherehe, na Jumatatu alikuwa amekubali. Dakika kumi baada ya orodha yangu akajitoa kwenye kundi. Nilitamani ardhi inimeze. Baba hakunigombeza, alichukua kiti alichomwandalia dada yake akakirudisha stoo. Hilo liliniuma zaidi.

Leo asubuhi mlango ukagongwa. Mama yako! Hata salamu hakuna.

"Iko wapi namba mia mbili na saba?"

Nikamfungulia picha hiyo kwenye kompyuta: "Baba amejificha jikoni analia, Shangazi anaolewa." Akaitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Kaka, ulilia?"

"Kitunguu," Baba akajibu.

"Kitunguu gani, na wapishi walikuwa nje?"

Wamebishana tangu saa hiyo, na sasa ni jioni. Hakuna anayethubutu kuwaamulia. Mimi nimejifungia chumbani nakuandikia, nacheka huku machozi yananitoka.

Nisalimie shemeji na wale mapacha. Mjomba wa harusi ya pili amenisamehe, nawe anakusalimu. Mungu awalinde nyote, awalete salama siku ya sherehe. Mama yako alitaka kuongeza neno hapa chini, lakini hana nafasi: bado hajamaliza na kaka yake.

Akupendaye licha ya viprogramu vyako,
Binamu yako Mropokaji